Picha ya macheo ziwani imeharibika: soma dalili kabla ya kulaumu kamera

Mtu anayerudi kutoka ziwani na picha za macheo zilizoungua, zilizofifia au zisizo na ukali huanza kwa kulaumu simu au kamera yake, na pengine huanza kuulizia bei ya kifaa kipya. Mara nyingi kifaa hakina kosa lolote. Dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vitatu visivyofanana, na tiba inayofaa kwa chanzo kimoja huweza kuzidisha tatizo pale chanzo kinapokuwa kingine. Mwongozo huu unafuata dalili zinazojirudia zaidi na kueleza namna ya kutofautisha vyanzo vyake kwa kuitazama picha yenyewe. Mfano unaotumika ni ufukwe wa Bukoba, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, ambako jua huchomoza moja kwa moja kutoka majini.

Kuna jambo moja linalopaswa kueleweka kwanza, kwa sababu liko nyuma ya matatizo kadhaa yanayofuata. Bukoba iko digrii moja na ushei kusini mwa ikweta, na huko jua hupanda karibu wima. Duara zima la jua hutoka majini kwa dakika mbili na sekunde chache. Mapambazuko yenyewe, kuanzia jua likiwa digrii sita chini ya upeo wa macho hadi ukingo wake wa juu unapoonekana, huchukua dakika 21 hivi, ilhali London kipindi hicho huzidi nusu saa mwaka mzima. Katika dakika hizo chache mwanga huongezeka zaidi ya mara mia moja, yaani, kwa makadirio, huwa maradufu kila baada ya dakika tatu. Mpangilio uliokuwa sahihi wakati mpiga picha anainama kukunja suruali ili avuke tope huwa umeshapitwa na wakati anaponyanyuka. Miongozo mingi ya mtandaoni imeandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta, na ile “saa ya dhahabu” wanayoisifu, yaani kipindi cha mwanga laini wa manjano jua likiwa chini, huku kwetu haifiki hata nusu saa. Anayeifuata kama ilivyo atajikuta bado anafungua mkoba wakati rangi zimekwisha.

Jua halikutokea pale lilipotarajiwa

Chanzo cha kwanza ni ufukwe. Ili jua lichomoze kutoka majini, mpiga picha anapaswa kuwa upande wa magharibi wa ziwa akitazama mashariki. Kwa sababu hiyo Kisumu, iliyo kwenye ncha ya mashariki ya Ghuba ya Winam, ni mahali pazuri pa machweo, na anayekwenda pale alfajiri ataliona jua likitokea nyuma yake, juu ya nchi kavu. Kigoma nako jua huzama ziwani, upande wa milima ya Congo. Anayetaka macheo juu ya maji ya Ziwa Tanganyika atayapata ng'ambo, Uvira au Kalemie.

Chanzo cha pili ni mwezi wa mwaka. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza zaidi ya digrii 23 kaskazini mwa mashariki kamili, na mwishoni mwa Desemba huchomoza kiasi kama hicho upande wa kusini. Mtu aliyeona picha ya jua likitokea karibu na kisiwa cha Musira, kisha akasimama palepale miezi sita baadaye, hatapata picha ile. Programu za simu zinazoonyesha mwelekeo wa jua kwa tarehe na mahali hutatua jambo hili jioni ya siku iliyotangulia.

Chanzo cha tatu ni saa. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya digrii 45, lakini Bukoba iko karibu na digrii 32, hivyo jua huchelewa kufika huko, kwa wastani nusu saa baada ya Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza saa 12:30 asubuhi na dakika chache, na katikati ya Februari hupita saa 1:00. Mpiga picha afike dakika 40 kabla, ili dakika 20 za kwanza ziwe za kutafuta mahali na kufunga vifaa.

Chanzo cha nne hakina tiba, ila kina maelezo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na pepo hutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani. Hewa yenye unyevu hukutana huko, huinuka na kuzaa mawingu ya radi, ambayo husukumwa kuelekea magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua nyingi za asubuhi, na ndiyo maana ukuta wa mawingu juu ya upeo wa macho wa mashariki si jambo la ajabu hapo. Asiyeliona jua kwa saa iliyotajwa asifunge mkoba. Jua hujitokeza juu ya ukuta huo dakika kumi au ishirini baadaye, mara nyingi kwa miale inayopenya, na wakati huohuo mawingu ya juu upande wa magharibi, nyuma ya mgongo wake, yanaweza kuwa na rangi nzuri kuliko yale ya mbele.

Anga imeungua, au ardhi imekuwa nyeusi tii

Dalili hizi mbili ni pande mbili za tatizo moja. Kamera inapima mwanga wa eneo fulani na kuamua kiasi cha mwanga cha picha nzima. Ikipima mawe meusi na mitumbwi iliyovutwa ufukweni, itaongeza mwanga hadi anga iwe nyeupe; ikipima jua, itapunguza hadi ardhi ipotee.

Kabla ya kurekebisha, mpiga picha atazame ni sehemu gani hasa iliyoungua. Ikiwa ni duara la jua pekee pamoja na utepe mwembamba unaolizunguka, hakuna kosa. Jua lililokwisha kupanda ni jeupe hata kwa macho. Ikiwa rangi ya chungwa iliyopaswa kuwa pembeni mwa jua nayo imegeuka kuwa nyeupe, basi mwanga ulizidi. Kwenye simu, gusa anga kando ya jua, si jua lenyewe, kisha shikilia kidole mpaka simu ifunge kipimo, na ushushe mwanga kwa alama ya jua dogo inayotokea kwenye kioo. Kwenye kamera, pima sehemu hiyohiyo ya anga, au punguza hatua moja (nusu ya mwanga) kutoka kwenye kipimo cha kamera na utazame histogramu, chati inayoonyesha mwanga wa picha kutoka giza kushoto hadi weupe kulia, ili kuona kama upande wa kulia umegonga ukuta.

Kipimo kilichofungwa kina hatari yake, na hapa ile kasi ya ikweta inarudi. Mtu hufunga kipimo jua likiwa bado halijatoka, akapiga picha kwa utulivu, na baada ya dakika sita zote zinaanza kuungua bila yeye kugusa kitu. Dalili ya kosa hili ni mfululizo wa picha zinazozidi kuwa nyeupe kadiri saa inavyosonga. Tiba ni kupima upya kila baada ya dakika mbili au tatu, na mara moja zaidi ukingo wa jua unapotokea.

Ardhi nyeusi ina suluhu zaidi ya moja, na uchaguzi unategemea kile ambacho picha inataka kuonyesha. Ikiwa mvuvi anayesukuma mtumbwi ana umbo linaloeleweka hata akiwa kivuli, mwache awe mweusi. Mikono na kasia zikitenganishwa na mwili, kivuli hicho kina nguvu kuliko uso ulioangazwa kwa lazima. Ikiwa mawe na nyavu za mbele ndizo zenye habari, basi piga picha mbili au tatu za mwanga tofauti bila kusogeza kamera na uziunganishe baadaye, au tumia filta iliyotiwa giza nusu ya juu, ambayo ziwani hufaa kuliko milimani kwa sababu mstari wa maji umenyooka. Simu nyingi hufanya uunganishaji huo zenyewe kwa kipengele cha HDR. Kipengele hicho husaidia, lakini mitumbwi inayosogea huweza kutokea na kingo mbili. Ukiona kingo hizo, kizime.

Picha haina ukali

Hili ndilo tatizo linalochanganya watu zaidi, kwa kuwa neno moja la “ukungu” hutumika kwa hitilafu nne ambazo hazihusiani. Njia ya kuzitenganisha ni kukuza picha kwenye kioo mpaka mwisho na kuchunguza vitu vitatu: taa au nyota yoyote iliyomo, kitu kisichosogea kama jiwe, na kitu kinachosogea kama mtumbwi.

Ikiwa kila kitu, jiwe na taa na mtumbwi, kimeburutwa kuelekea upande uleule, kamera ndiyo iliyotikisika. Taa ya mbali itaonekana kama mkia mfupi badala ya nukta. Kabla jua halijatoka kamera huhitaji muda mrefu kukusanya mwanga, wakati mwingine sekunde nzima au zaidi, na hakuna mkono unaotulia kiasi hicho. Tripodi ndiyo jibu, lakini tripodi nayo ina matatizo yake ziwani. Miguu yake huzama taratibu kwenye mchanga mbichi kila wimbi linapopita, kwa hiyo isukumwe chini kwa nguvu mpaka ifike palipo pagumu kabla kamera haijafungwa. Kwenye gati la mbao, hatua ya mtu mmoja anayepita hutikisa mbao zote, subiri apite. Shingo ya katikati ya tripodi isiinuliwe bila sababu, mkanda wa kamera usiachwe ukipepea kwenye upepo, na picha ipigwe kwa kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiwe chanzo cha mtikisiko. Baadhi ya lenzi za zamani zenye kituliza mtikisiko hutafuta mtikisiko hata pale ambapo haupo. Ikiwa picha za tripodi bado zina mkia, zima kituliza hicho na ujaribu tena. Asiye na tripodi aegemeze simu kwenye jiwe au kwenye ubavu wa mtumbwi uliopaki, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Ikiwa jiwe ni kali lakini mtumbwi hauna ukali, kamera ilitulia na mtumbwi ndio uliosogea. Tripodi haitasaidia hapa, na watu hupoteza asubuhi nzima wakiikaza. Kinachohitajika ni kasi kubwa ya shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia kwa muda mfupi, pengine 1/250 ya sekunde kwa mtumbwi unaopigwa kasia, na zaidi kwa ule wa injini unaopita karibu. Kasi hiyo hupatikana kwa kufungua tundu la lenzi, kupandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), au kusubiri dakika tano mwanga uongezeke wenyewe, na ziwani kwetu kusubiri ndiko kunakolipa.

Ikiwa vitu vya karibu ni vikali na vya mbali havina ukali, au kinyume chake, fokasi, yaani umbali ambao lenzi inakaza ukali, ilitua pasipostahili. Gizani kamera hukosa mahali pa kushika. Maji na anga havina kingo, hivyo lenzi huenda mbele na nyuma kisha hukata tamaa. Elekeza fokasi kwenye kitu cha mbali chenye mpaka wa giza na mwanga, kama taa ya mtumbwi, ukingo wa kisiwa au mlingoti, kisha hamisha lenzi kwenye fokasi ya mkono ili isitafute tena. Alama ya umbali usio na mwisho iliyochorwa kwenye lenzi isiaminiwe bila kuhakikishwa kwa kukuza picha, maana lenzi nyingi hupita kidogo alama hiyo. Ukiwa na jiwe mita mbili mbele na kisiwa nyuma, tundu dogo la f/8 au f/11 (nambari ikiwa kubwa tundu ni dogo) pamoja na fokasi iliyowekwa nyuma kidogo ya jiwe hutosha kwa lenzi pana.

Ikiwa picha nzima ni laini kana kwamba imefunikwa maziwa, na taa zina duara la mwanga kuzizunguka, tatizo si mtikisiko wala fokasi. Kioo cha lenzi kina mvuke au mafuta ya vidole. Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi, ikitolewa ghafla kwenye hewa yenye unyevu ya ziwani, hupata mvuke mara moja. Iache ndani ya mkoba uliofungwa kwa dakika 20 ipate joto la nje taratibu. Kwa simu, jawabu huwa rahisi zaidi: lenzi hukaa mfukoni na kushikwa kutwa, na ni wachache wanaoifuta. Kitambaa safi na kikavu cha pamba kinatosha, lakini mchanga upulizwe kwanza, kwa sababu chembe moja ikisuguliwa huacha mkwaruzo wa kudumu.

Rangi zimepauka, au si zile zilizoonekana

Anga ilikuwa ya chungwa na picha ikatoka ya kijivu: hapo kamera imefanya kazi yake kupita kiasi. Mpangilio wa rangi wa otomatiki umetengenezwa ili kuondoa uwekundu wa taa za ndani, na ukikutana na macheo huuhesabu uwekundu ule kuwa hitilafu. Weka kamera kwenye alama ya jua, ambayo ni kama Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,200 hadi 5,500, na rangi zitabaki jinsi zilivyo. Kamera inayotoa faili ghafi, lile linaloandikwa RAW kwenye menyu, humpa mpiga picha nafasi ya kubadili uamuzi huu nyumbani bila hasara.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo rangi haikuwapo. Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi hutanda, na jua hutokea kama sarafu nyekundu isiyo na miale, juu ya maji yasiyo na rangi. Kuongeza rangi kwa programu hakuleti macheo. Huleta doa la chungwa linalokatika ghafla kando ya kijivu. Siku kama hiyo nashauri picha igeuzwe kuwa ya umbo na nafasi: jua dogo, mtumbwi mmoja, maji mengi. Rangi nyingi hupatikana asubuhi inayofuata mvua ya usiku, hewa ikiwa imeoshwa na mawingu membamba yakiwa yamebaki juu.

Matatizo madogo yanayotatuliwa upesi

Chengachenga kwenye sehemu za giza husababishwa na ISO ya juu, au na picha yenye giza iliyoangazwa baadaye kwa programu. Vyanzo hivi viwili hutofautishwa kwa kufungua picha asilia: ikiwa chenga zimo tangu mwanzo, shusha ISO hadi 100 au 200 na utumie tripodi, ikiwa zimetokea baada ya kuhariri, ongeza mwanga wakati wa kupiga.

Mstari wa maji ulioinama ni kamera iliyoinama. Mstari uliopinda kama upinde ni lenzi pana. Uweke katikati ya fremu na utanyooka.

Vidoti vya kijani au duara hafifu zilizo upande wa pili wa jua ni mwanga unaorukaruka ndani ya vioo vya lenzi. Ondoa filta ya kinga, futa lenzi, na ubadili pembe kidogo. Madoa meusi yaliyofifia yanayotokea mahali palepale katika kila picha ni vumbi kwenye sensa, kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, nayo huonekana zaidi kwenye f/16 kuliko f/8.

Jua lililotoka dogo kama nukta limepigwa kwa lenzi pana. Upana wa jua angani ni nusu digrii tu, na kipenyo cha taswira yake kwenye sensa ni kama urefu wa fokasi wa lenzi (zile milimita zilizoandikwa juu yake) uliogawanywa kwa 110: lenzi ya milimita 24 hutoa jua la milimita 0.2, na ya milimita 400 hutoa la milimita 3.6. Anayetumia lenzi ndefu hiyo asilitazame jua kupitia tundu la kioo la kamera likishatoka majini, kwa sababu lenzi hukusanya mwanga kwenye jicho na madhara yake hayarudishwi. Atumie kioo cha nyuma.

Maji yasiyoakisi yamepigwa na upepo. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu, na maji yaliyo karibu na ufukwe wa Bukoba hukingwa na ardhi iliyo nyuma yake; asubuhi ikisonga, upepo wa ziwani huanza na kioo huvunjika. Filta ya polaroidi, ile inayopunguza mng'ao, haisaidii sana ukilitazama jua uso kwa uso, kwa hiyo usiitegemee.

Picha ni safi lakini ufukwe ni mtupu

Tatizo hili mtu hulikuta akiwa amefanya kila kitu sawasawa. Alikuja kwa ajili ya mitumbwi ya dagaa inayorudi mwaloni, yaani mahali wavuvi wanapoteremsha samaki, alfajiri, taa zikiwa bado zinawaka, na hakuona hata mmoja. Chanzo ni mbalamwezi. Dagaa huvutwa kwa taa usiku wa giza, zamani kwa karabai na siku hizi zaidi kwa taa za betri, na mwezi unapokuwa mpevu taa hizo hazina nguvu ya kuwakusanya, hivyo wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu. Panga safari katika siku za mwezi mwandamo, au siku chache kabla na baada yake. Fika mwaloni jioni iliyotangulia, waulize wavuvi wanarudi saa ngapi na wanatia nanga upande gani, na uwaombe ruhusa ya kuwapiga picha wakati huohuo, kwa sababu alfajiri mikono yao itakuwa na kazi na dagaa watakuwa wanasubiri kuanikwa.